Karatasi katika Ofisi ya Kidijitali: Nafasi ya Machapisho katika Kazi ya Kamusi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu swali ambalo ofisi nyingi za lugha zimelikabili katika miongo ya karibuni, na ambalo mara nyingi hujibiwa na mafundi wa mitambo au wasimamizi wa majengo kabla wanaisimu hawajaulizwa. Swali lenyewe ni hili: baada ya data yote ya ofisi ya kamusi kuingizwa katika kompyuta, karatasi zilizotangulia zina kazi gani tena? Karatasi hizo ni za aina nyingi. Zipo kadi za vidahizo zilizoandikwa kwa mkono, rasimu zilizopigwa chapa, prufu zenye masahihisho ya wino, vijitabu vya istilahi, majarida ya zamani, na kamusi zenyewe ambazo toleo jipya limezifanya zionekane kuukuu. Huchukua nafasi, hukusanya vumbi, na mchwa huzipenda. Kompyuta moja huweza kubeba maneno yote yaliyomo katika makabati kadhaa ya kadi na bado ikabaki na nafasi.

Hoja inayotolewa hapa ni kuwa karatasi haistahili kutunzwa kwa sababu ya mazoea tu, wala kwa kuuonea huruma ukale. Inastahili kutunzwa, na kuendelea kutumiwa, pale inapofanya kazi ambayo skrini haiifanyi au huifanya kwa udhaifu. Katika leksikografia ya Kiswahili kazi hizo ni nne: kuthibitisha tarehe na umbo la neno, kuhifadhi alama ambazo unakili huziacha, kusaidia usomaji wa makini, na kuweka kumbukumbu ya maamuzi ya wahariri. Kila moja itajadiliwa kwa zamu yake. Kisha udhaifu wa karatasi utazingatiwa, kwa kuwa hoja isiyotaja udhaifu wa upande wake haiwezi kumsaidia mtu mwenye uamuzi wa kufanya.

2.0 Utabiri wa ofisi isiyo na karatasi

Mwaka 1975 jarida la Business Week la Marekani lilitoa makala kuhusu ofisi ya siku zijazo, na tangu wakati huo wazo la ofisi isiyo na karatasi limekuwa likirudiwa kila kizazi kipya cha mashine kinapoingia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Abigail Sellen na Richard Harper walilichunguza wazo hilo katika kitabu chao The Myth of the Paperless Office. Waliwachunguza watu wakiwa kazini, na wakabainisha kuwa karatasi iliendelea kutumika kwa sababu za kikazi. Iliwawezesha wafanyakazi kutandaza nyaraka kadhaa mezani kwa wakati mmoja, kuandika pembeni bila kuigusa matini, na kupeana hati huku wakizungumza. Mtu anayeijua kazi ya kamusi atatambua mara moja kuwa mambo hayo matatu ndiyo shughuli ya kila siku ya mhariri wa kamusi.

Kiswahili chenyewe kinaonyesha jinsi karatasi ilivyoitangulia kompyuta katika fikra za watumiaji. Programu za kompyuta zilipoanza kutafsiriwa kwa Kiswahili, ikiwamo programu ya kiofisi ya Jambo OpenOffice iliyotolewa mwaka 2004 kutokana na mradi uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wafasiri hawakuanza bila msamiati. Leo mtumiaji wa kompyuta hufungua faili, huhariri ukurasa, hunakili, hukata na kubandika. Vitendo vyote hivyo vina majina yaliyozoeleka katika ofisi ya karatasi, mkasi na gundi.

Hata hivyo, kufanana kwa majina kusimfanye mtu adhani kuwa vitu vinavyotajwa vina tabia moja. Ukurasa wa kitabu na ukurasa wa tovuti huitwa kwa neno moja, lakini ukurasa wa kitabu ukishachapwa hubaki ulivyo hadi uchakae. Ukurasa wa tovuti huweza kubadilishwa asubuhi, na msomaji wa jioni asijue kuwa palikuwa na maneno mengine. Kwa mfanyabiashara anayetangaza bei za siku, sifa hiyo ni faida. Kwa mwanaisimu anayetafuta ushahidi, ni tatizo linalohitaji dawa.

3.0 Chapisho kama shahidi wa tarehe

Historia ya kamusi ya Johann Ludwig Krapf ni mfano mzuri. Kamusi hiyo, ambayo kwa sehemu kubwa ilitegemea Kiswahili cha Mombasa, ilitolewa London mwaka 1882, muda mfupi baada ya kifo cha mtunzi wake mwaka 1881. Mwaka 1925 ilitolewa tena ikiwa imerekebishwa na kupangwa upya na Binns. Marekebisho hayo yalikuwa na manufaa kwa msomaji wa wakati ule. Lakini mtafiti wa leo anayetaka kujua Krapf alisikia nini Mombasa katika karne ya 19 hawezi kulitegemea toleo la 1925 peke yake, kwani humo hawezi kutenganisha kwa hakika kauli ya Krapf na mkono wa mrekebishaji. Anahitaji toleo la 1882, na analipata. Toleo jipya halikuweza kulifuta la kwanza, kwa sababu nakala za kwanza zilikuwa zimekwisha kutawanyika katika maktaba mbalimbali. Hiyo ndiyo nguvu ya uchapaji: huzaa nakala nyingi ambazo hata mtoaji wake hawezi tena kuzirudisha na kuzibadili zote.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu imefuata njia hiyohiyo. Toleo la kwanza lilitayarishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) na kutolewa mwaka 1981. La pili lilifuata mwaka 2004. La tatu lilitoka mwaka 2013, wakati TUKI ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), iliyoundwa mwaka 2009. Matoleo hayo matatu yakiwekwa mezani pamoja ni vipimo vitatu vya lugha moja, vilivyochukuliwa katika nyakati tatu. Neno lililomo katika toleo la pili na halimo katika la kwanza lina habari ya kumpa mwanaisimu. Neno lililoachwa lina habari yake pia, na vivyo hivyo fasili iliyobadilishwa. Lau kamusi hiyo ingekuwa faili moja linalosahihishwa kila mwaka bila kuacha nakala nyuma, kipimo cha mwisho tu ndicho kingepatikana.

Suala hili ni zito zaidi kwa upande wa istilahi. Kwa kifaa kimoja Kiswahili kimekuwa na kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Neno la kwanza limeenea zaidi Tanzania, na la pili limezoeleka zaidi katika maandishi ya Kenya. Katika miaka ya karibuni akili mnemba na akili unde yamekuwa yakishindania nafasi moja. Mwanaisimu atakayeandika historia ya mashindano hayo atahitaji kujua ni neno gani lilitumiwa wapi, na lini. Vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyotolewa na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) kuanzia miaka ya 1970 vinatoa ushahidi wa namna hiyo kwa istilahi za wakati wao: kila kijitabu kina namba yake, na orodha iliyomo haibadiliki. Orodha iliyo mtandaoni huweza kuwa pana na bora zaidi, lakini isipoonyesha tarehe ya kila badiliko hueleza hali ya leo tu.

4.0 Alama zinazopotea katika unakili

Watu wengi hudhani kuwa kuliingiza andiko katika kompyuta ni kulihamisha kama lilivyo. Kwa hakika kila unakili ni uteuzi: mnakili huamua kipi ni lugha na kipi ni uchafu wa karatasi.

Mfano wa karibu ni mpumuo. Katika lahaja ya Kimvita, paa kwa maana ya mnyama hutamkwa kwa mpumuo mwanzoni, na paa la nyumba hutamkwa bila mpumuo. Kaa wa baharini na kaa la moto hutofautiana vivyo hivyo. Tahajia sanifu haionyeshi tofauti hiyo, kwa hiyo mtafiti hulazimika kuitafuta kwa wasemaji wenyewe au katika vitabu vilivyoijali. Kamusi ya Charles Sacleux, iliyotolewa Paris kuanzia mwaka 1939, inathaminiwa na wanalahaja kwa sababu ilijali kutofautisha lahaja na matamshi kwa alama zake maalumu. Mashine inayosoma picha ya ukurasa na kuigeuza kuwa matini hutambua herufi ilizofundishwa kutambua. Alama ndogo juu au kando ya herufi huweza kuchukuliwa kuwa doa la wino na kuachwa. Matini inayotokea husomeka vizuri, na hapo ndipo ilipo hatari yake, maana msomaji haoni pengo lolote la kumtia shaka. Dawa ni kurudi ukurasani, na dawa hiyo ipo tu ikiwa ukurasa wenyewe bado upo.

Miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu inalionyesha jambo hili kwa uwazi zaidi. Hati ya Kiarabu ya kawaida haina herufi za pekee kwa baadhi ya sauti za Kiswahili kama vile p, v na ch, na alama zake za irabu hazitofautishi i na e wala u na o. Waandishi wa pwani walikabiliana na upungufu huo kwa mbinu mbalimbali, na mbinu ya mwandishi mmoja si lazima iwe ya mwenziwe. Mswada ukiingizwa katika kompyuta kwa herufi za Kilatini peke yake, uamuzi wa mnukuzi huonekana kana kwamba ni kauli ya mtunzi. Msomaji akikutana na neno lenye irabu e hana njia ya kujua kama irabu hiyo imeonyeshwa katika mswada au imekisiwa. Aina ya karatasi, rangi ya wino na nyongeza zilizoandikwa pembeni, ambazo husaidia kukisia umri wa nakala na historia yake, hazimo kabisa.

Kwa sababu hiyo katalogi ya miswada na kanda zilizokuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotayarishwa na J. W. T. Allen na kuchapishwa Leiden mwaka 1970, bado ni kielelezo cha kufuatwa. Haidai kuchukua nafasi ya miswada. Humwelekeza mtafiti kwenye vitu vyenyewe, na kumwachia kazi ya kuvisoma.

5.0 Usomaji, usahihishaji na ujirani wa maneno

Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walitoa uchambuzi uliojumlisha tafiti 54 zilizolinganisha usomaji wa karatasi na wa skrini. Kwa jumla waliosoma katika karatasi walielewa zaidi, hasa matini za maelezo, na hasa muda wa kusoma ulipowekewa kikomo. Kwa matini za hadithi peke yake, tofauti hiyo haikuonekana. Tofauti iliyopatikana haikuwa kubwa, lakini masharti yake yanafanana sana na hali ya ofisi ya kamusi, ambako matini ni za maelezo na tarehe ya kupeleka kazi kwa mpiga chapa haisubiri.

Programu za kukagua tahajia husaidia kugundua neno lisilokuwamo katika orodha zake. Hazisaidii pale kosa linapozaa neno jingine halali, na katika Kiswahili makosa ya namna hiyo ni mengi, kwa kuwa irabu moja ikizidi au ikipungua hubadili maana. Mwandishi aliyekusudia kusema kuwa mzee amekufaa, naye akaandika kuwa mzee amekufa, hatapata onyo lolote. Anakua, anakuwa na anakuua yote matatu ni maneno sahihi, na mtoto anayekua si sawa na mtu anayekuua. Njia ya zamani ya wasahihishaji wawili, mmoja akisoma rasimu kwa sauti na mwenziwe akifuata katika prufu kwa kalamu, hunasa makosa hayo kwa sababu jicho na sikio hufanya kazi pamoja, na kila mstari uliokwisha kupitiwa huachwa na alama yake.

Karatasi huhifadhi pia ujirani wa maneno. Katika kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939, chini ya kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930, maneno yanayotokana na kitenzi hukusanywa pamoja na kitenzi hicho. Anayemtafuta mwandishi hufika kwenye andika, na macho yake huona hapohapo jamaa wengine wa neno hilo. Sanduku la kutafutia katika skrini humpa mtafutaji neno aliloliandika na kumwachia hapo. Mwanafunzi wa mofolojia aliyezoea njia hiyo peke yake hupata majibu ya haraka, lakini familia ya neno humpita bila kuiona. Programu inaweza kutengenezwa ionyeshe familia hiyo, na vyema itengenezwe. Ila ni lazima awepo mtu anayeijua kazi hiyo ya ukurasa ili amwagize fundi aifanye.

6.0 Kumbukumbu ya maamuzi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kamusi ni mali, na habari zake ni maamuzi yaliyoifanya iwe ilivyo. Kila kitomeo kina nyuma yake maswali kadhaa: neno liingizwe au liachwe, lipewe alama ya lahaja au lisipewe, maana hizi mbili ziwe za neno moja au za maneno mawili. Katika rasimu ya karatasi, neno lililokatwa hubaki likisomeka chini ya mstari uliolikata. Mwandiko humtambulisha aliyekata, na mara nyingine sababu huandikwa pembeni. Katika faili la kompyuta neno lililofutwa huacha ukurasa ukiwa safi. Ni kweli kuwa programu za uandishi huweza kuonyesha mabadiliko, lakini mazoea ya ofisi nyingi ni kuyakubali yote mwishoni na kuhifadhi matini ya mwisho peke yake.

Tatizo la pili ni chombo chenyewe. Disketi ya inchi 3.5 yenye uwezo wa megabaiti 1.44 ilikuwa kifaa cha kawaida cha ofisi katika miaka ya 1990. Kampuni ya Sony ilisimamisha uuzaji wake nchini Japani Machi 2011, na kompyuta zinazotengenezwa sasa hazina mahali pa kuiingiza. Ofisi iliyoweka rasimu zake katika disketi peke yake, bila kuzichapa wala kuzihamisha, inamiliki rasimu ambazo haiwezi kuzisoma kwa urahisi. Rasimu ya karatasi ya miaka hiyohiyo huhitaji macho na mwanga tu.

Jambo hili si la watunza nyaraka peke yao. Usanifishaji wa Kiswahili ulijengwa juu ya Kiunguja, na wasemaji wa lahaja nyingine wamekuwa wakiuliza kwa haki kwa nini maneno yao yaliachwa, au kwa nini yaliingizwa yakiwa na alama ya kuyatenga. Ofisi yenye kumbukumbu za maamuzi inaweza kuwaonyesha sababu, na sababu ikiwa dhaifu inaweza kusahihishwa. Ofisi isiyo na kumbukumbu inaweza kusema tu kuwa ndivyo kamusi ilivyo, na jibu hilo halimridhishi mtu aliyelelewa kwa neno linalobishaniwa.

7.0 Udhaifu wa karatasi na nguvu ya kompyuta

Yaliyosemwa hayaondoi ukweli kuwa karatasi ni dhaifu. Tarehe 18 Aprili 2021 moto uliiteketeza Maktaba ya Jagger ya Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na sehemu kubwa ya makusanyo yake ya taaluma za Kiafrika. Chapisho lililokuwa na nakala kwingine linaweza kutafutwa tena. Hati iliyokuwa peke yake, na ambayo haikuwahi kupigwa picha, haiwezi. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2023, British Library ya London ilishambuliwa na wahalifu wa mtandao. Sehemu kubwa ya huduma zake za kidijitali ilisimama, na katalogi yake kuu ilianza kurejea mtandaoni Januari 2024. Vitabu vilikuwa salama rafuni, lakini njia ya kuvifikia ilikuwa imevurugika. Matukio hayo mawili yakitazamwa pamoja yanafundisha kuwa hakuna chombo kimoja kinachotosha.

Aidha, karatasi iliyo mbali haimfai mtu. Kitabu adimu kilichofungiwa Ulaya hakikuwa na msaada mkubwa kwa mwanafunzi wa Mwanza au Bujumbura mpaka picha za kurasa zake zilipoweza kufunguliwa kwa kompyuta. Zipo pia kazi ambazo kadi haziwezi kuzifanya kabisa. Mkusanyo wa matini za Kiswahili wa Helsinki, uliojengwa chini ya uongozi wa Arvi Hurskainen, una mamilioni ya maneno, na humwezesha mtafiti kuhesabu matukio ya neno kwa muda mfupi. Mkusanya kadi, kwa upande wake, huelekea kuandika kile kinachomshangaza, hivyo neno geni hupata kadi nyingi na neno la kila siku hupata chache. Kosa hilo la kadi linasahihishwa na mkusanyo wa kompyuta, kama vile kosa la mashine ya kusoma herufi linavyosahihishwa na ukurasa.

8.0 Mapendekezo na hitimisho

Kutokana na mjadala huu, mambo manne yanaweza kupendekezwa kwa ofisi za kamusi na istilahi. Kwanza, kamusi ya kielektroniki inayosahihishwa kila mara isimamishwe kwa vipindi maalumu, ipewe namba na tarehe, na nakala chache zichapwe na kupelekwa katika maktaba za miji tofauti. Pili, kadi na rasimu zisitupwe kabla ya kupigwa picha kwa ukamilifu, na zile zenye maandishi ya mkono zitunzwe hata baada ya hapo. Tatu, kila kitomeo katika kompyuta kitaje karatasi kilikotoka, ili msomaji mwenye shaka ajue pa kurudi. Nne, prufu ya mwisho isomwe katika karatasi na watu wawili, hata kama hatua nyingine zote zimefanywa kwa skrini.

Mapendekezo haya hayadai kila kitu kichapwe. Barua pepe ya kualika kikao inaweza kubaki ilipo, na orodha inayobadilika kila juma haina haja ya kuwa kitabu. Kinachodaiwa ni kuwa uamuzi wa kipi kitunzwe ufanywe na watu wanaojua kazi ya kila karatasi. Kabla ya kabati la kadi kuondolewa ili kupisha meza mpya za kompyuta, aitwe mwanaleksikografia alifungue, asome kadi zilizomo, na aandike ni zipi ambazo bado hazina mahali pengine zinapopatikana. Kazi hiyo huchukua siku chache, na isipofanywa wakati wake haiwezi kufanywa tena.